Mstari Uliobaki Mtupu Katika Kitabu cha Mdogo Wangu

BARUA

Shangazi,

Pokea salamu zangu. Nimeianza barua hii mara nyingi na kuichana, kwa sababu kila nilipofika mahali pa kueleza shida yenyewe niliona kama ninawasengenya wazazi wangu. Leo nimeamua kuimaliza, maana siku imekaribia na nyumbani hatuelewani.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina umri wa miaka 34, na ninaishi Buruburu na wazazi wangu katika nyumba ile ile tuliyolelewa. Tulizaliwa wawili tu. Mdogo wangu alikuwa rubani katika Jeshi la Wanahewa la Kenya, mwenye cheo cha luteni, na alifariki akiwa na miaka 27, pale ndege ya mafunzo aliyokuwamo pamoja na mwalimu wake ilipoanguka. Hakuna aliyenusurika. Mwezi ujao utatimia mwaka mmoja tangu tumlaze kwetu Taita, kando ya kaburi la babu, mahali ambapo ukungu huchelewa kuondoka asubuhi.

Baba naye alilitumikia jeshi hilo, akiwa fundi wa injini za ndege. Aliingia mwaka 1985, enzi zile jeshi lilipokuwa limevuliwa jina lake kufuatia jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, na alikuwa bado kazini jina hilo liliporudishwa mwaka 1994. Tulipokuwa wadogo, kila tarehe 12 Desemba tulisimama uani kungoja ndege za gwaride la Jamhuri zipite, na Baba alitutajia aina ya kila ndege kwa kuusikia mlio wake tu, kabla haijaonekana. Nadhani hapo ndipo mdogo wangu alipoingiwa na hamu ya kuruka. Siku alipotoka chuo cha kijeshi cha Lanet akiwa ofisa, nilimwona Baba akilia mbele za watu kwa mara ya kwanza.

Mazishi yalikuwa ya heshima. Jeneza lilifunikwa bendera, wenzake wakalibeba, risasi zikapigwa hewani, tarumbeta ikalia, kisha bendera ikakunjwa na kukabidhiwa Mama. Sina lalamiko lolote hapo. Shida ilianza miezi miwili baadaye katika harusi ya binamu yetu, ambapo mgeni mmoja alisema mezani, bila kujua sisi ni akina nani, kwamba amesikia yule kijana ndiye aliyekuwa akiiendesha ndege na kwamba alikosea. Baba aliiweka sahani yake chini, akatoka, akarudi nyumbani kwa miguu. Tangu siku hiyo, usiku humkuta mezani akichora mifumo ya mafuta na ya injini katika madaftari aliyoyaomba kwangu, ili athibitishe kwamba mtambo ndio uliomuua mwanawe. Asubuhi huzichana kurasa hizo, na jioni huanza upya. Halali vizuri, amekonda, na hataki tulitaje jina la marehemu isipokuwa tunapozungumzia ajali. Mke wa yule mwalimu, ambaye ameachwa mjane na watoto wadogo, alimpigia Mama simu mara moja. Baba alitukataza kuwasiliana tena na nyumba hiyo.

Sasa kuna kitabu. Kila rubani huwa na kitabu cha kuandikia safari zake, wao hukiita logibuku: tarehe, ndege aliyorusha, alikotoka na alikokwenda, kama alikuwa na mwalimu au peke yake, na muda aliokaa angani. Nakala aliyoijaza kwa mkono wake ilikuwa kwa mchumba wake, wifi yangu, ambaye walikuwa wamepanga kufunga ndoa naye. Alituletea tuitazame. Kwa kuwa safari huandikwa baada ya kutua, safari yake ya mwisho haimo. Mstari unaofuata ni mtupu. Baba anataka kuujaza yeye mwenyewe, aandike kwamba ndege iliharibika, kisha kitabu hicho kisomwe kanisani siku ya ibada ya ukumbusho mbele ya wote waliokuwa wakinong'ona. Mama ameapa kwamba kalamu haitaugusa ukurasa huo maadamu yu hai. Wifi anataka kitabu kirudi kwake. Mimi ndiye ninayekitunza. Nimekifungia kabatini pamoja na madaftari ya kusahihisha, na wote watatu wananitazama mimi.

Kuna jambo moja ambalo sijamwambia mtu. Mama hakutaka mdogo wangu aende jeshini. Mimi ndiye niliyekaa naye jikoni wiki nzima nikimbembeleza hadi akakubali.

Shangazi, je, tuujaze mstari huo? Na tumkumbuke vipi mtu ambaye kila tukilitaja jina lake tunaishia kubishana juu ya alivyokufa?

Dada Yake, Buruburu


JIBU

Mwanangu,

Poleni sana, wewe na wazazi wako na wifi yako. Umefanya vyema kuimaliza barua hii, na katika yote uliyoyaandika sikuona mahali ulipowasengenya wazazi wako.

Nitaanza na kitabu. Msikijaze. Ninakubaliana na mama yako, ingawa huenda sababu zangu si zake. Kila kilichomo katika kurasa hizo kiliandikwa na mtu aliyekwisha kutua, akakaa, akaandika jambo alilolifanya mwenyewe na kulijua. Hiyo ndiyo thamani ya kitabu cha rubani, na ndiyo sababu saa zilizoandikwa humo huaminiwa na wakubwa wake na kila atakayemkabidhi ndege. Baba yako akiandika pale chini kwamba ndege iliharibika, atakuwa ameingiza katikati ya mwandiko wa mwanawe neno ambalo mwanawe hakuliandika, na ambalo yeye baba hana hakika nalo bado. Hata kama siku moja itathibitika kuwa ni kweli, leo ni dhana, na mtu atakayekifungua kitabu hicho baada ya miaka thelathini hatajua tena ni wapi kumbukumbu ya kijana ilikoishia na ni wapi uchungu wa mzee ulikoanzia.

Ulimwengu wa marubani umewahi kukabiliana na mistari mitupu kama huo wenu. Katika Vita vya Pili vya Dunia, vitabu vya marubani wa jeshi la anga la Uingereza waliokufa au kupotea vilifungwa na watu wengine, mara nyingine kwa mhuri tu uliosema kwamba mwenyewe anadhaniwa amekufa. Aliyefunga kitabu hakujifanya mwenye kitabu. Mhuri ulionekana wazi kuwa ni mkono wa mtu mwingine. Basi baba yako akihitaji kuandika, na ninaamini anahitaji sana, mnunulie daftari jipya lenye jalada gumu, lisilo rahisi kuchanwa, aandike humo kwa jina lake na tarehe yake yale anayoyajua yeye: ndege za 12 Desemba, yale maswali ambayo mtoto aliuliza akiwa amesimama uani, siku ile ya Lanet. Daftari hilo linaweza kuwekwa pamoja na kitabu. Mstari ule ubaki kama alivyouacha mwenyewe alipofunga kalamu mara ya mwisho.

Baba yako mwenyewe ananihuzunisha zaidi ya kitabu. Nimesoma mara tatu pale uliposema kwamba huchora injini usiku na kuichana michoro asubuhi. Wengine watasema ni mzee aliyekataa kuyakubali yaliyotokea. Mimi namwona mtu aliyebanwa pande mbili. Kama rubani alikosea, aliyekosea ni mwanawe. Kama mtambo uliharibika, iliyoshindwa ni kazi ya mafundi, kazi aliyoifanya yeye kwa miaka mingi, ambayo vijana wa watu walipanda angani wakiitegemea. Fundi wa ndege hutia sahihi kila kazi anayoimaliza, na sahihi hiyo ni kiapo. Naona anaichora injini ili apate pa kuitia hatiani, kisha kunapokucha, ufundi wake wenyewe unakataa kuitia sahihi michoro isiyo na ushahidi. Huo ni uaminifu, mwanangu, ingawa unamtesa. Mtazameni kwa jicho hilo kabla hamjamwambia kwamba anajisumbua bure.

Mnachoweza kumfanyia ni kuutenga uchunguzi na ukumbusho, kwa sababu hivi sasa mmevifunga kwa kamba moja na kila kimoja kinakikaba kingine. Kuhusu uchunguzi, hebu niseme machache. Ajali za ndege za kiraia huchunguzwa kwa kufuata Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ule wa kimataifa kuhusu usafiri wa anga; kiambatisho hicho kinataja lengo moja tu la uchunguzi, yaani kuzuia ajali nyingine, na kinasema waziwazi kwamba kugawa lawama si kazi yake. Ndege za kijeshi haziko chini ya mkataba huo, na majeshi hufanya uchunguzi wao wenyewe, lakini maarifa yaliyozaa maneno hayo yanahusu chochote kinachoruka. Wachunguzi wazoefu ni nadra kukuta chanzo kimoja. Hukuta mnyororo: wingu lililoshuka mapema, kifaa kilichotoa ishara isiyo sahihi, uamuzi uliochelewa kwa sekunde chache, na hata kimo cha mahali penyewe. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Nanyuki, kwenye kambi ya ndege za kijeshi ya Laikipia, ni juu zaidi; huko hewa ni nyepesi, na jua linapochoma huwa nyepesi zaidi, hivi kwamba bawa hupata pa kushikilia kwa shida na injini hupoteza sehemu ya nguvu zake. Sisemi hayo ndiyo yaliyomkuta mdogo wako. Ninasema kwamba swali alilolitupa mgeni yule wa harusini, la mtu au mtambo, ni swali ambalo wanaoijua kazi hii hawaliulizi hivyo, na baba yako analijua hilo kuliko mimi. Kaa naye jioni moja umwombe akufundishe, kama mwanafunzi anavyomwomba mwalimu, jinsi ndege inavyobebwa na hewa na mambo yanayoweza kuipunguzia nguvu. Huenda akasikia kwa kinywa chake mwenyewe kwamba mambo ni mengi.

Kama familia inataka kujua kilichotokea, iombe kwa maandishi. Kifungu cha 35 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi iliyoombwa itoe uamuzi ndani ya siku 21. Sheria hiyo hiyo inaruhusu habari zinazogusa usalama wa taifa zizuiwe, kwa hiyo siwaahidi kwamba mtapewa yote mtakayoyaomba, lakini anayenyimwa ana haki ya kuomba uamuzi huo uangaliwe upya na tume ambayo wengi huiita ofisi ya Ombudsman. Baba ndiye aiandike barua hiyo. Barua yenye maswali machache yaliyoulizwa na fundi, moja moja na kwa utaratibu, ina uzito kuliko malalamiko ya kurasa kumi. Ikishapelekwa na nakala yake kupigwa mhuri wa kupokewa, iwekwe katika faili, na ibada ya mwezi ujao isiingojee.

Tena, mpeleke kwa daktari. Nalisema kwa ufupi lakini nalisisitiza. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, linatambua kwamba majonzi yanayodumu zaidi ya miezi sita na kumvuruga mtu katika kula, kulala na kuishi kwake ni hali inayohitaji msaada wa kitaalamu. Baba yako anaukaribia mwaka. Akikataa daktari, huenda akamkubali mhubiri wa jeshi, ambaye amewazika askari na kukaa na baba wengine kama yeye.

Kabla ya siku ya ukumbusho, ningependa pia mtembee pamoja hadi kwenye makaburi ya wanajeshi yaliyo kando ya Barabara ya Ngong. Yalianzishwa mwaka 1941, na wamelala hapo watu zaidi ya 1,900 waliokufa katika Vita vya Pili vya Dunia. Tume inayoyatunza iliundwa mwaka 1917, na iliamua tangu mwanzo kwamba mawe yasimtofautishe jenerali na askari wa chini. Jiwe hubeba jina, cheo, kikosi, tarehe, na mara nyingi umri. Miongoni mwa waliolala pale wamo wanahewa. Maelfu ya wanahewa wa vita vile, katika nchi nyingi, hawakuuawa na adui. Walikufa wakijifunza, wakipotea mawinguni, wakijaribu kutua usiku. Mawe yao hayasemi hivyo. Hakuna mahali palipoandikwa ni nani aliyekuwa akiiendesha ndege, wala ni fundi gani aliyeigusa mara ya mwisho, na hakuna mpita njia ambaye husimama mbele ya jina la kijana wa miaka ishirini na kitu akadai kwanza aonyeshwe ripoti ndipo aliheshimu. Mwache baba yako ayasome mawe hayo taratibu. Usimweleze kwa nini umempeleka.

Mkiwa njiani kurudi mjini mtapita karibu na Barabara ya Kenyatta, ilipo ile sanamu ya watu watatu waliotumika katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Maandishi yake yanawaambia waliopigana kwamba hata wakifa, wana wao watayakumbuka majina yao. Hakuna jina hata moja lililoandikwa pale. Wapagazi waliobeba mizigo ya vita hivyo, wale ambao mtaa wetu wa Kariokor umeitwa kwa kikosi chao, wengi wao walifia njiani, baadhi katika nyika za huko kwenu kati ya Voi na Taveta, na wajukuu wao hawana pa kuweka ua. Mwaka 2021 tume ile ile ya makaburi iliomba radhi, ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, hasa Waafrika Mashariki na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Hili linanigusa sana kila nipitapo pale. Nimelileta kwako kwa sababu wewe una kabati lenye kurasa nyingi za mwandiko wa mpendwa wako, zenye tarehe na saa, na nyote wanne mmekazana kuutazama mstari mmoja ambao haukuandikwa.

Iko nyumba nyingine inayoisubiri siku hiyo hiyo ya mwezi ujao. Ikiwa ninyi mlimsikia mgeni harusini akimlaumu mdogo wako, huenda yule mjane naye amekwisha kusikia, sokoni au kanisani, kwamba aliyekosea ni mumewe, maana wenye kunong'ona hawabagui. Naye ana watoto wadogo ambao watamwuliza. Kumbuka pia kwamba mumewe ndiye aliyekuwa kando ya mdogo wako hadi mwisho, na ukikifungua kitabu kile kwa utulivu, katika safari zile za kuruka na mwalimu, yamkini utakuta jina lake zaidi ya mara moja. Hao wawili walipanda ndege moja wakiaminiana. Sikutumi umkaidi baba yako. Ila simu ile ilipigwa kwa mama yako, na ni adabu ya kawaida kwamba aliyepigiwa simu ya pole airudishe. Mwambie Baba waziwazi kwamba Mama atampigia mama wa watoto wale, na kwamba ajali haitazungumzwa. Nadhani atanung'unika, kisha atanyamaza. Na kama mjane huyo ataweza kuja siku ya ukumbusho, akae mbele pamoja na mama yako.

Sasa nizungumze nawe. Jambo la jikoni uliliandika kwa maneno machache kuliko mengine yote, nami naona ndilo lililokufanya uichane barua mara nyingi. Unajiuliza kama ni wewe uliyempeleka kaburini. Mdogo wako alikuwa mtu mzima. Aliomba mwenyewe, akapimwa, akachujwa, akafunzwa Lanet, kisha akachaguliwa kuruka, na katika kila hatua hiyo angeweza kurudi nyumbani. Hukumbembeleza yeye, ulimbembeleza mama yako asimnyime baraka. Bila wewe, huenda kijana yule angeondoka nyumbani akiwa na kinyongo cha mama yake, na leo mngekuwa na jambo jingine, zito zaidi, la kulibeba. Tena unasema hujamwambia mtu. Mwanangu, mama yako alikuwa humo jikoni. Anayakumbuka maneno yako vizuri kuliko unavyoyakumbuka wewe, na katika mwaka huu wote hajakutupia hata neno moja. Nenda ukakae naye pale pale, umwambie unachokiogopa. Usingoje ibada ipite.

Kuhusu siku yenyewe, anzeni nyumbani, jioni ya kuamkia ibada, mkiwa wachache. Mwulizeni wifi yako na marafiki zake wa kikosini kama marehemu aliwahi kusema angependa akumbukwe vipi, kwa maana wanajeshi huyazungumza mambo hayo kuliko tunavyodhani. Mkuu wa Majeshi Jenerali Francis Ogolla, ambaye naye alikuwa rubani wa ndege za kivita, alikufa katika ajali ya helikopta tarehe 18 Aprili 2024 pamoja na wanajeshi wengine tisa, na tarehe 21 akazikwa kwao Ng'iya, Siaya, bila jeneza, kwa sababu alikuwa ameacha usia wa kuzikwa upesi na bila makuu. Wengi walishangaa, lakini familia haikuwa na la kubishania; mwenyewe alikuwa amesema. Huenda naye mdogo wako aliacha neno mahali, hata kama ni dogo, hata kama ni wimbo tu alioupenda.

Kisha kisomeni kitabu. Wifi yako asome ukurasa wa kwanza, kwa kuwa aliachiwa yeye. Mama asome siku aliyoruka peke yake kwa mara ya kwanza. Katika nchi nyingi rubani anayerudi salama kutoka safari hiyo humwagiwa maji na wenzake, kwa hiyo waulizeni marafiki zake kama naye aliloweshwa, na alicheka vipi. Baba asome safu ya aina za ndege, na kila afikapo kwenye ndege anayoijua, awaambie mlio wake, kama alivyokuwa akifanya mkiwa wadogo. Rubani hujumlisha saa zake anapomaliza kila ukurasa. Wewe, mwalimu, soma jumla ya mwisho kwa sauti. Hizo ndizo saa alizoruka na kurudi, na kila moja aliilipia kwa bidii yake. Mkifika kwenye mstari mtupu, nyamazeni kidogo, kisha mfunge kitabu. Kanisani siku inayofuata kusiwe na tamko lolote kuhusu injini. Mchungaji aambiwe mapema, ili asije akaombwa ghafla kumpa mtu kipaza sauti.

Mwishowe, kitabu kirudi kwa wifi yako. Najua hilo litawauma wazazi wako, na kuna watakaosema kwamba yeye hakuwa mke bado na kwamba kesho ataolewa kwingine. Huenda ataolewa, na ni haki yake. Lakini marehemu ndiye aliyekiacha kwake akiwa hai na akili zake timamu, na sioni kwa nini tumheshimu kwa kulitangua jambo alilolipanga mwenyewe. Pigeni nakala ya kurasa zote, mzishonee jalada zuri libaki Buruburu, na mwambieni wifi, kwa upole na mbele ya wote, kwamba siku atakayoona hawezi tena kukitunza, nyumba yenu itakipokea.

Mpigie yeye kwanza, wiki hii. Mwambie kitabu kiko salama na hakuna aliyekiandika. Na ukiwa bado kwenye simu, mwulize mdogo wako alikuwa akikaa wapi alipokuwa akikijaza.